Mkono Usiogusa Maji

Mimi ni Mromania. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Garsen hulicheka na watu wa Romania hulikataa, nami nimechoka kungoja ruhusa ya upande wowote. Pasipoti yangu ni ya huko kwa kuwa baba ni wa huko. Mimi nilizaliwa hapa kando ya Tana, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Garsen, katika kijiji cha mama, kijiji cha Wapokomo wanaolima mpunga na migomba pale mafuriko yanapoacha udongo. Nywele zangu ni za mama, macho ni ya baba, na hasira sijui niliitoa wapi. Kwetu kwa pili nimewahi kwenda mara moja tu, nikiwa na miaka ishirini. Nilikaa miezi saba, nikarudi. Watu wakiniuliza safari ilikuwaje, nawaambia kulikuwa na baridi. Hilo huwatosha.

Baba alikuja Kenya akiwa kijana, fundi wa pampu katika mradi wa umwagiliaji. Mradi ulikufa kama ilivyokufa miradi mingine mingi ya mto huu, pampu zikaota kutu, wenzake wakafunga mizigo. Yeye akabaki. Mama husema alibaki kwa ajili yake. Baba husema alibaki kwa ajili ya ugali, kwa sababu kwao pia wana ugali wa mahindi, huuita mamaliga, huula na jibini. Na kwao pia ni delta. Alizaliwa pale ambapo mto Danubi hugawanyika ukaingia baharini, penye matete na mbu na samaki wenye matope tumboni. Mara ya kwanza alipofika kijiji cha Kau, akaona jinsi Tana inavyopanuka kuelekea mdomoni, aliketi ukingoni akalia. Wenyeji walidhani ana malaria, wakamtafutia dawa.

Kitu kimoja alichokosa hapa ni mchezo wa kwao. Huko vijana hushindana kwa mtumbwi mwembamba sana, ukikohoa umepinduka. Mpigaji hupiga goti moja, mguu mwingine huutanguliza, kisha hupiga kasia upande mmoja tu mpaka mwisho wa mashindano. Upande uliouanza ukiwa mtoto ndio utakaozeeka nao. Baba alipiga kushoto. Alikuwa kwenye klabu, akakaribia kuchaguliwa timu ya taifa, kisha hakuchaguliwa. Hakuwahi kutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza.

Hapa kwetu mtumbwi ni chombo cha kazi. Mtu husimama, hushika pondo, huusukuma taratibu akienda zake shambani na mbegu au akirudi na ndizi. Baba alipomwomba fundi wa kijiji amchongee mtumbwi mwembamba vile, fundi aliuliza kama ni wa kumzikia mtu. Hata hivyo aliuchonga. Baba akampigisha kaka yangu goti ndani yake, kaka akiwa na miaka tisa, na kijiji kizima kikaja kutazama. Wakasema Mzungu anamfundisha mwanawe kusali majini. Utani huo ulidumu mwaka mzima, mpaka siku kaka alipowapita vijana wakubwa waliokuwa wakishuka na mkondo. Yeye alikuwa akipanda.

Kaka alikuwa na kipaji. Silisemi hili kwa kuwa ni kaka yangu, maana yeye na mimi tumegombana zaidi ya kuku wa jirani. Alikuwa nacho tu. Ukimwona majini unasahau kwamba ni yule yule anayemaliza sukari. Baba alibadilika sura akimtazama, akawa kijana. Kila jioni ya Jumamosi walikaa wawili kwenye kibaraza, baba akimfundisha Kiromania na majina ya sehemu za kasia, na mimi nikikaa karibu nikiiba maneno yao. Ndivyo nilivyojifunza lugha ya baba, kwa wizi.

Sasa lazima nieleze jambo la mkono. Mtoto wa Tana, kabla hajafundishwa kuhesabu, hufundishwa kwamba mkono hauingii majini. Ukipanda mtumbwi, mikono mapajani. Ukiteka maji, unateka kwa kata yenye mpini mrefu, umesimama nyuma ya ua wa miiba. Kitu kikianguka mtoni kimekwenda, hata kiwe nini. Mama alinipiga mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu ya ndala. Ndala yangu ilianguka, nikainama kuifuata. Nilikuwa na miaka minne. Alinipiga huku analia, akasema, "Mto unakulisha, usiulishe wewe."

Na mchezo wa baba ulitaka kinyume chake kabisa. Kasia lazima lizame lote, lisibaki hata kidole cha ubao juu, na ili lizame, mkono wa chini lazima ushuke mpaka uloe. Mkono mkavu, alisema baba, ni mtumbwi unaobembelezwa. Wazazi wangu hawakuwahi kugombana kwa dini wala kwa chakula. Kila Pasaka baba alichemsha mayai na maganda ya vitunguu yakawa mekundu kama ya kwao, mama akayapeleka kanisani, watoto wakayapigania. Lakini kwa mkono wa kaka waligombana.

"Baba watoto," mama alisema, "mimi nimezaliwa mto huu."

"Na mimi nimezaliwa kwa mto," baba akajibu kwa Kiswahili chake alichojifunzia kwenye pampu. "Maji ni maji."

"Maji si maji."

Wakapatana hivi: kaka afanye mazoezi kwenye ziwa dogo tu, lile lililoachwa na mto ulipohama njia, nyuma ya mashamba. Wakati wa kiangazi ziwa lile halina mamba. Wafugaji wa Orma hunyweshea ng'ombe pale bila wasiwasi, na anayewajua Waorma anajua hawachezi na ng'ombe wao. Kwa miaka mitano hakukuwa na tatizo.

Kisha likaja furiko kubwa, likala mashamba, likaja mpaka nyuma ya nyumba yetu. Maji yakakaa wiki nyingi, yakashuka, ziwa likabaki pale pale, tulivu, limejaa, zuri kuliko miaka yote. Baba alisubiri wiki mbili. Aliona ni nyingi. Hakuna mkulima wa mto huu ambaye hajui kwamba furiko likiondoka huacha wageni ziwani, na kwamba ziwa huachwa mpaka kiangazi kingine kipite. Jambo hilo halifundishwi, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumfundisha baba. Mama angemwambia, lakini siku ile mama alikuwa Minjila kwenye mazishi.

Mimi nilikuwa ukingoni nimeshika saa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kaka kumi na sita. Baba alikuwa akipiga kelele kwa Kiromania, "Chini! Mkono chini!" Kaka alikuwa akirudi kuelekea kwetu, kwa kasi nzuri, mkono wake wa kushoto ukiingia majini mpaka kwenye kiwiko na kutoka, ukiingia na kutoka. Mara moja ukaingia haukutoka. Sikusikia kelele. Mtumbwi ulipinduka, basi. Baba aliingia majini na nguo zake na kasia la akiba, akapiga na kupiga, na watu wawili waliokuwa wakipanda mpunga wakaja na mapanga. Walimtoa kaka akiwa hai. Nilipotazama mkononi, saa ilikuwa bado inahesabu.

Hospitali walikata palipobaki, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Wageni walikuja kutupa pole, na kila mmoja, bila kukusudia ubaya, alisema neno lile lile: bora ni wa kushoto. Sijawahi kulichukia neno kama hilo. Mkono wa kushoto ndio wa kujisafishia, wa kulia ndio wa kulia chakula, mtoto yeyote wa pwani anajua. Sasa kaka alikuwa na mmoja wa kazi zote mbili. Tangu siku aliyorudi nyumbani hakukubali tena kutia mkono kwenye sinia letu. Alitaka sahani yake na kijiko chake, akala pembeni, na akila haraka. Hakuna aliyemwambia ahame siniani. Alihama mwenyewe, nasi tukamwacha ahame, na hilo ni kosa langu pia.

Wengine walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waliyasema hayo kwa mtoto aliyekuwa amemsikia baba yake kwa kila neno.

Baba aliketi. Sina namna nyingine ya kuieleza. Aliweka kiti nyuma ya nyumba kuelekea migomba, si kuelekea mto, akaketi mwaka mzima. Aliinuka kulala na kujisaidia. Pasaka ilifika, mayai yakabaki meupe. Mama alilima peke yake, akapika, akamwekea sahani magotini, hakumlaumu hata siku moja, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko lawama. Nilikuwa nikitoka shule naomba nimkute amesimama, hata kama amesimama kwa hasira.

Kaka ndiye aliyenipa kasia. Alikuja nalo limeegemea shingo yake, akaliangusha mbele yangu.

"Panda wewe," akasema. "Ukipanda, mzee atainuka."

"Na mama?"

"Mama muombe."

Nilimwomba mama jikoni, nimepiga magoti yote mawili. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza neno moja, "Mkono?" Nikamwambia hautaingia. Akaniapisha. Niliapa kwa mkono wa kaka, kiapo kibaya sana, lakini nilikuwa na miaka kumi na minne na sikujua kiapo kingine chenye uzito.

Baba aliinuka. Siku ya tatu alikuja ziwani, kiangazi kimekausha hata matete, akasimama mbali. Siku ya tano akanirekebisha goti. Mwezi haujaisha alikuwa akipiga kelele kama zamani: mgongo, kiuno, tazama mbele, pumua. Alinifundisha yote aliyoyajua kwa miaka sita. Kuhusu mkono hakusema neno. Aliniona nikipiga kasia nusu, mkono juu ya maji kama mtu anayeogopa kuchafua shati, akatazama pembeni. Sidhani alifanya kwa makusudi. Nadhani neno lile lilimkatalia mdomoni. Na mimi sikujua kwamba kuna kitu kinapungua, maana hapa sikuwa na wa kujilinganisha naye ila watu wa pondo na ndizi zao. Siku moja ya sikukuu niliwashinda wote mbele ya umati, karibu na daraja la Garsen, wakanibeba mabegani. Mcheza kwao hutunzwa. Nikajiona bingwa wa dunia.

Baba akamwandikia dada yake, shangazi yangu, anayeishi kwenye mji mdogo wa Danubi. Shangazi akaenda klabuni kwao, klabu ile ile ya zamani. Wakasema nije nijaribiwe msimu mmoja. Nilipoondoka baba alivaa shati la kanisani. Hakuniambia nishinde. Alinishika mabega akasema kwa Kiromania, "Wewe ndiye umenirudishia mto." Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu kumtazama kaka.

Kuhusu safari sitasema mengi. Nilitoka joto la Garsen, ambalo mtu huvaa kama nguo, nikashuka mahali ambapo hewa inauma meno. Shangazi alinipokea kwa machozi na supu ya samaki. Alinitazama sana, akitafuta kaka yake usoni mwangu, akampata machoni akaridhika. Nilipofungua mdomo alicheka mpaka akakaa chini. Kiromania changu kilikuwa cha kijana mvuvi wa miaka arobaini iliyopita, na maneno yake hayatumiki tena ila na wazee kwenye mabenchi. Klabuni wasichana waliniita babu. Garsen naitwa mzungu, huko nikaitwa babu. Nilijaribu kucheka nao, na mara nyingine nilicheka kweli.

Lakini matete yalikuwa yale yale. Mbu walikuwa wale wale. Asubuhi ya kwanza nilipoona ule mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, nilimwelewa baba aliyelia Kau. Nikafikiri, hapa nitakaa. Nikafikiri huu ndio urithi, kufika mahali hujawahi kufika ukajua pa kukanyaga. Mawazo kama hayo humjia mtu kabla ya mazoezi.

Kocha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza samaki. Siku ya kwanza alinifuata kwa boti yake ya injini, akanitazama, kisha akasema, "Nani alikufundisha? Mgongo wako ni mzuri sana." Nikamtaja baba. Akasema, "Na mkono? Mkono alikufundisha nani?"

Akanionyesha picha za video, mimi upande huu, msichana mwingine upande ule. Kasia la mwenzangu lilizama lote, mkono wake wa chini ukaloa kila mara. La kwangu lilizama nusu. "Unapaka maji rangi," kocha akasema. Wasichana wakacheka, nami nikacheka. Nikasema kesho nitazamisha.

Kesho sikuzamisha. Wala keshokutwa. Nilijua hakuna mamba Danubi, nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Nilikaa kwenye gati nikatia mkono mpaka begani, ukakaa humo, ukaganda kwa baridi, haukuguswa na kitu. Nyumbani kwa shangazi nilijaza beseni nikapiga goti sakafuni, nikarudia na kurudia, mkono ndani, mkono nje, mpaka shangazi akaja akaniuliza kama nafua. Lakini nikiwa mtumbwini, mtumbwi ukienda, mkono ulifika pale juu ya maji ukasimama. Sikuuamuru usimame. Bega lilivuta, vidole vilikaza, na macho yangu badala ya kutazama mbele yakatazama maji. Nilikuwa nikiambiwa mara mia kwa siku nitazame mbele.

"Unaogopa nini?" kocha aliuliza. "Humu hamna kitu."

Sikumwambia. Ningemwambia angenihurumia, nami nilikuwa nimetoka nyumba iliyojaa huruma. Pia nilikuwa na wazo la kijinga kwamba nikilitamka jambo lile kule, basi litakuwa limefika kule.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Labda. Mimi naona damu yangu ilijigawa mapema, goti likachukua upande wa baba na mkono ukachukua upande wa mama, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa naamka alfajiri nimechukia mwili wangu. Nilimchukia mama kwa kiapo kile, halafu nikamchukia baba kwa kunyamaza miaka sita, na kwa siku chache, Mungu anisamehe, nilimchukia kaka kwa kutia mkono majini. Kisha nilikuwa naosha uso naenda mazoezini.

Siku ya majaribio tulikuwa wasichana tisa. Nikawa wa tisa. Sikuwa wa mwisho kwa kidogo, nilikuwa wa mwisho kiasi kwamba wenzangu walikuwa wameshashuka wamevaa makoti. Kocha alinisubiri peke yake gatini. "Una mapafu," akasema. "Una mgongo, una miguu. Mkono wako haukuja Romania." Hakuwa mkali aliposema hayo. Alinisaidia kuinua mtumbwi.

Siku ile ile kaka alinitumia ujumbe: tuma video hata moja, mzee anauliza kila saa. Nilikuwa nimechoka, nimelia, nina kichwa kizito. Nikatuma ile ya majaribio, iliyopigwa kutoka kwenye boti ya kocha, karibu kabisa, kila kitu kinaonekana. Nililala. Nilipoamka ndipo nikafahamu nilichokituma, na nimekituma kwa nani. Mtu mmoja tu katika kijiji chetu, ukimwacha baba, angeweza kuitazama video ile akaisoma.

Nikarudi. Kaka alinisubiri Minjila kwenye njia panda, ndevu zimemwota. Siku hizi ana kibanda Garsen cha kuchaji na kutengeneza simu. Huibana simu kwenye jiliwa dogo alilofunga mezani, akaifungua kwa mkono mmoja, na watu husafiri kutoka mbali kumletea. Alichukua begi langu akalitia begani kabla sijakataa.

"Sista, umekonda."

"Na wewe umekuwa mzee."

Tukatembea kidogo kando ya lami. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha miti ya mathenge. Nilijua anakuja nalo, nikamwombea asilitoe.

"Ile video niliiona," akasema.

"Na baba?"

"Nilimwambia simu imeharibika."

"Wewe fundi wa simu?"

"Ameamini. Mzee akitaka kuamini anaamini." Akalihamisha begi. "Ni mimi, si ndiyo?"

"Nilichoka tu siku hiyo. Baridi."

"Wacha, bana. Nimeitazama mpaka chaji ikaisha. Kasia nusu. Mkono uko juu. Huangalii mbele, unaangalia maji." Alisimama. "Mimi nilidhani yule mamba alichukua mkono mmoja."

Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia vibaya, kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe akageuka. Kaka hakunyamaza. Alisema yeye ndiye aliyeniletea kasia, yeye ndiye aliyeniambia nipande. Nikamwambia ni kiapo cha mama. Akasema mama aliapisha kwa sababu yake. Nikamwambia ni baba, baba ndiye angenifundisha na hakunifundisha, miaka sita aliuona mkono wangu akatazama migomba. Hapo ndipo sote tukaona kwa pamoja jambo lile ambalo kila mmoja alikuwa akilizunguka. Baba akiiona video ile ataelewa mara moja kwamba sikushindwa mimi. Ataona alichokiacha kunifundisha, na kwa nini alikiacha. Mtoto wa kwanza alimwambia mkono chini. Wa pili hakumwambia. Na wote wawili wameharibikiwa.

"Ataketi tena," kaka akasema.

"Safari hii hatainuka."

Akatoa simu, akaniomba nishike huku yeye anabonyeza. Akaifuta video mbele yangu. Nikaifuta na yangu. Hatukukubaliana nitasema nini, tulikubaliana tu nisichoweza kusema.

Baba hakuniuliza siku ya kwanza, wala ya pili. Alinitazama nikitembea. Alikuwa ameupaka mtumbwi mafuta, ameuweka chini ya paa jipya la makuti alilolijenga mwenyewe nikiwa mbali. Mama alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akaiachia. Yeye alikuwa amepata alichokitaka.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, mama alipakua ugali na kambare wa nazi. Tuliketi mkekani, baba, mama na mimi kwenye sinia, kaka pembeni na sahani yake. Baba alinawa mikono polepole, akaikausha, akaniuliza kwa Kiromania ili wengine wasielewe. Husahau kwamba kaka anakielewa kuliko mimi.

"Ulikosa nini? Niambie kama mchezaji kwa mchezaji. Ilikuwa nguvu?"

"Hapana, baba. Walisema nina nguvu."

"Mgongo?"

"Waliusifu mgongo. Waliuliza nani alinifundisha."

Uso wake ukafunguka kidogo, kisha nikaona hofu ikiingia, maana alikuwa amebakiwa na swali moja tu na alilijua. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sinia. Kijiko cha kaka kilikuwa kimesimama pia. Sijawahi kutaka kusema ukweli kama nilivyotaka wakati ule. Nilitaka aubebe yeye, aende nao nyuma ya nyumba, nami nipumzike.

"Nilikosa moyo, baba," nikasema. "Nilifika pale nikaona sitaki. Ni uvivu tu."

 Niliiona heshima yake kwangu ikipungua, pole pole, mbele ya macho yangu, na nikayaona pia mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Moyo haufundishwi," akasema, sasa kwa Kiswahili, kwa wote. "Hiyo mimi siwezi kufundisha." Akamega tonge kubwa, akala, akamwomba mama mchuzi zaidi.

Sasa yuko mzima. Analima, anacheka, Pasaka hii mayai yalikuwa mekundu. Wageni wakija humwuliza habari za yule binti aliyekwenda Ulaya kushindana, naye huwaeleza kwamba alikuwa na kila kitu, mgongo, miguu, mapafu, kila kitu isipokuwa moyo. Huyasema hayo nikiwa pale pale, nawamiminia chai.